Kinu Kitupu cha Kabula

Hadithi hii nimeletewa asubuhi, nami sioni sababu ya kubaki nayo peke yangu.

Lubango alikuwa mwana wa mtaja majina wa ikulu. Baba yake alipofariki ghafla, Mtemi alimpa siku kumi: ayataje majina ya watemi ishirini na wanne waliotangulia, kwa mpangilio, bila kuruka hata mmoja. Akikosea, kazi ya ukoo wake ingehamia kwa Shija, aliyeitamani miaka mingi na ambaye naye angeyataja siku hiyo; Lubango angehama ikulu na mkewe.

Maskini Lubango alikariri mchana na usiku. Alichokishika jioni, asubuhi hakukikumbuka.

"Mume wangu, lala," mkewe Kabula akamwambia.

"Nilale na siku zinaisha?"

"Kariri mchana, mimi nikitwanga. Usiku niachie mimi."

Basi mchana, kila jina Kabula akalipatia mdundo wake kwenye kinu. Usiku, mumewe akikoroma, aliketi mlangoni akaigonga midundo ile ile taratibu kwenye kinu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwanamke huyo alikuwa na akili, tumpe haki yake.

Majirani wakanong'ona kwamba anatwanga dawa. Shija aliposikia akacheka. "Kumbe ni dawa tu!" Akaenda kwa mganga, akanunua mizizi mikali, akaweka wanaume watatu waitwange kando ya kitanda chake hadi alfajiri. Majina yenyewe hakuyagusa. Ya nini kujichosha?

Siku ikafika. Shija akaanza, macho mekundu. Jina la tatu akapiga miayo. La nne hakulijua.

Lubango akasimama. Akayataja yote ishirini na manne bila kusita.

Mtemi akamwita Kabula. "Mama, ulitwanga dawa gani?"

"Hakuna dawa, Mtemi. Usiku kinu kilikuwa kitupu. Majina aliyajifunza mwenyewe mchana. Mimi nilimkumbusha tu usingizini."

Shija akainamisha kichwa.

"Mtaja majina ni mumeo," Mtemi akasema. "Lakini wanangu utawafundisha wewe."

Funzo: Usingizi hukomaza kile ulichokipanda mchana. Asiyepanda kitu, hata atwangiwe usiku kucha, ataamka na miayo tu.