Uyoga wa Buluu na Jina la Mama

Katika kazi ya uyoga, kuokota si hoja. Anayetangulia kuchapisha maelezo ya aina mpya ndiye anayeipa jina, na mwenzake aliyezubaa hubaki na sampuli zake kabatini. Mtafiti mmoja wa chuo, ambaye wenzake walimwita Mama Hadubini, aliijua sheria hiyo kuliko wote, kwani ndiye aliyewafundisha wengi wao.

Siku moja, nyuma ya kiwanda cha mbao, aliokota uyoga wa buluu ambao ukiukata hutoa maziwa ya rangi ya chungwa. Alipekua vitabu vyote, haukuwamo! Moyo ulimdunda kwa furaha. Kwa kuwa mtafiti haupi uyoga wake jina lake mwenyewe, alimwahidi mama yake mzazi kwamba uyoga ule ungeitwa kwa jina lake. Bibi yule hakulala na siri. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Basi ikawa ni kupima tu. Alipima kofia, akapima shina, akahesabu vijimbegu hadi macho yakamwuma. Mumewe, fundi cherehani, alimtania, "Mke wangu, mimi suti nzima napima mara moja. Huo uyoga unaushonea koti?"

"Sijauona ukiwa mchanga," alijibu. "Nikiuona tu, natuma siku hiyo hiyo."

Misimu ya mvua ikaja ikapita. Kila mama yake alipouliza, jibu lilikuwa lile lile, "Bado kidogo, mama."

Hatimaye, asubuhi moja mvua ilipokatika, alichomoka nyumbani na mabuti ya mumewe. Kando ya gogo lililooza, huo hapo! Mdogo, mviringo, ungali umejifunika utando wake. Alipiga ukelele hadi mlinzi wa kiwanda akaja mbio na rungu.

"Nyoka?"

"Uyoga!"

Alirudi akiwa matope hadi magotini, akamzungusha mumewe kama bibi harusi, akaketi kuandika hata kabla ya kuvua mabuti. Mara simu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtafiti katika chuo kingine, akihema kwa furaha.

"Shikamoo, Mwalimu! Maelezo yangu yametoka leo! Uyoga wa buluu, ukiukata unatoa maziwa ya chungwa! Ukiwa mchanga sijauona bado, lakini nikasema nitume tu, mengine yatafuata. Na nimeupa jina lako, Mwalimu!"

Mama Hadubini aliweka kalamu chini. Aliona uchungu, akaona na fahari, vyote kwa pamoja.

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana," alisema, machozi yakimtiririka.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Jina limetoka?"

"Limetoka, mama. Lakini ni langu, si lako."

Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Umemwona wa kwanza, umemlea, umempima hadi kucha," alisema, "na aliyempa jina ni mwingine. Chelewa chelewa, mwanangu, utamkuta mwana si wako."