Baiskeli Iliyosukuma Treni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Treni imepiga honi!"

"Tupakie, twende nawe!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, ngoja kwanza.

Hapo kale Pimbi alikuwa akifanya kazi mjini, mbali na kwao. Kwao ni Majabalini, juu ya mawe, na reli inapita chini yake. Huko alimwacha mama yake, anaumwa miguu, hawezi tena kwenda mtoni alikozaliwa. Kila treni ikipita, mama hutoka mlangoni, hutazama, hurudi ndani. Pimbi akinywa chai, anamkumbuka mama. Akilala, anamkumbuka mama. Mwishowe akanunua baiskeli yenye keria pana, ampakie mama, akauone tena mto wake.

Akapanda treni. Baiskeli ikawekwa behewa la mizigo, naye akakaa nayo humohumo, maana mlinzi wa behewa alikuwa Fisi. Na Fisi na Pimbi ni watani tangu mababu. Mtani akichukua chako, hukasiriki. Ukikasirika, umeuvunja utani.

"Mtani! Baiskeli hii sasa yangu," akasema Fisi. "Umenuna?"

"Sijanuna, mtani," akajibu Pimbi, huku moyo unamuuma.

Tuku... tuku... tuku... Treni ikaanza kupanda mlima, ikajikokota. Fisi akatoa pua nje.

"Mbona haiendi? Stesheni ya mbele wanachoma mbuzi!"

"Itaendaje, na baiskeli yako hujaikanyaga? Mwenye baiskeli ndiye anayesukuma treni."

Pimbi akaisimamisha kwa stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Fisi akapanda.

"Kanyaga, mtani!"

"Nakanyaga!"

Nyeke-nyeke, nyeke-nyeke! Mlima ukaisha, treni ikateremka mbio, tukutukutuku! Miti ikakimbilia nyuma.

"Kumbe ni mimi!" Fisi akapiga kelele.

"Ni wewe! Kanyaga, mtani, mbuzi anaungua!"

"Nakanyaga!"

Akakanyaga mpaka ulimi ukatoka nje, miguu ikaisha nguvu, akaanguka juu ya magunia, pu! Treni nayo ikapunguza mwendo, ikasimama. Majabalini.

"Umechoka, ndiyo maana imesimama," akasema Pimbi. "Pumzika, mtani."

Akaishusha baiskeli polepole.

Pooo! Treni ikaondoka, na hakuna anayekanyaga. Fisi akaduwaa. Akataka kuruka, miguu ikagoma.

"Pimbi! Baiskeli yangu!"

"Nimeichukua, mtani! Umenuna?"

 

"Si... sijanuna!" Fisi akalia, na treni ikamchukua.

Mama alikuwa ametoka mlangoni kutazama. Safari hii hakurudi ndani.

"Umekonda," akasema, akamshika mashavu.

Pimbi akampakia. Kriing, kriing, mpaka mtoni. Mama akatia miguu majini. Pimbi akakaa kando yake, akalia kwa furaha, na kwa miaka yote ile.

Mimi nashukia hapa, wenye safari endeleeni. Ila shikeni fundisho, watoto: msidanganye. Tazameni yaliyompata Pimbi, kutwa anambeba mama yake kwenda mtoni. Mimi sijamdanganya mtu hata siku moja, na kwetu sijafika mpaka leo.