Wakuna Nazi Walioelekea Ukuta

Paukwa!
Pakawa!
Kijiji?
Kikawa!
Wake wawili?
Wakawa!
Na wivu?
Ukawa, tena ukajaa!

Basi sogeeni. Nasema polepole, maana aliyenihadithia alisema polepole, na leo yuko mbele ya haki. Mungu amlaze pema.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha Mwangoni, kijiji cha minazi na msikiti mmoja. Wanawake wa Mwangoni walikuwa na desturi yao. Mnaijua mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chenye ulimi wa chuma na meno? Mwanamke wa Mwangoni aliikalia mbuzi akaupa mlango mgongo, uso ukautazama ukuta. Na jikoni mwanga huingia wapi? Mlangoni! Kwa hiyo kila mmoja alikuna nazi gizani, kwenye kivuli chake mwenyewe. Vidole vikachanika. Hakukuwa na mwanamke asiye na kovu, na msichana asiye na kovu waliambiana ni mvivu, asiposwe. Wakakuna, wakaimba:

Mlango nyuma, mbele ukuta,
ndivyo tulivyokuta.

Basi alikuwapo Bi Mwanamvua, mke wa Bwana Vuai. Alimpikia mumewe tangu ndevu zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Mara Bwana Vuai akaoa mke wa pili, Mkasi, binti wa ng'ambo ya mto. Mkasi akaja na sanduku, mkeka na kioo kipana cha kutundika. Mwanamvua akampokea kwa vigelegele. Mdomoni vigelegele, moyoni makaa.

Zamu ya Mkasi ikafika. Akaiweka mbuzi, akauelekea mlango, akakuna. Bwana Vuai akapita. Akasimama. Akasema neno, Mkasi akajibu neno, wakacheka.

Mwanamvua alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka. Mchele wote chini, kuku wakala Idi yao. Akawaza, "Miaka yote hii, mume wangu hakusimama mlangoni kunitazama hata siku moja." Wivu, jamani, hauna macho. Akaingia jikoni.

"Mke mwenzangu, hapa hatukai hivyo."
"Mnakaaje, Bi Mkubwa?"
"Tunauelekea ukuta."
"Ukuta una nini?"
"Ndivyo tulivyokuta."

Lakini Mwanamvua alijua zaidi ya hapo. Siku ya harusi yake, bibi yake mzaa mama, Bi Tatu, alimnong'oneza siri ya ukuta ule, akamwambia, "Ifiche, mjukuu wangu. Siku moja itakufaa." Akaona siku yenyewe ndiyo hii. Akajitanda kanga, huyoo, kwa kungwi Bi Mosi.

"Kungwi, mke mdogo anavunja mila. Arudishwe kwao!"

Wanawake wakakusanyika. Mkasi akapiga goti. "Mama zangu, nitauelekea ukuta. Nambieni tu kwa nini."

Wa kwanza akasema, "Ukiuelekea mlango, tui hukauka ndani ya nazi."
Wa pili akasema, "Aa, tui halina neno! Pepo huingia chunguni. Wallahi naapa!"
Wa tatu akasema, "Pepo gani? Mama mkwe hufa."

Mkasi akauliza, "Kwetu tunauelekea mlango, na mama wakwe wamejaa tele, mpaka wengine tunawachoka. Imekuwaje?"

Wasichana wakacheka. Bi Mosi hakucheka. "Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa. Kesho tunakuja kutazama. Ukiuelekea mlango, unabeba sanduku lako unakwenda zako."

Mwanamvua akarudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Kesho yake wakaja, wakajaa jikoni. Mkasi akaikalia mbuzi, akaupa mlango mgongo, akaimba:

Mlango nyuma, mbele ukuta,
ndivyo tulivyokuta.

Bi Mosi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini pale ukutani, mbele ya pua ya Mkasi, kilitundikwa kioo! Mwanga ukatoka mlangoni, ukapiga kiooni, ukarudi juu ya nazi. Kidole hakikuguswa. Mara Bwana Vuai akatokea mlangoni. Akatazama kiooni, akauona uso wa mkewe. Akatabasamu. Na kioo nacho kikatabasamu.

Makaa ya Mwanamvua yakawaka.

"Toa kioo hicho!"
"Kina kosa gani, Bi Mkubwa? Ukuta si huu?"
"Si ukuta! Haikuwa ukuta hata siku moja! Ni uso! Bibi yangu aliiweka sheria hii ili mumewe asimwone uso mke mwenza!"

Mdomo umemponza mwenyewe.

Bi Mosi akasema taratibu, "Rudia, Mwanamvua."

Akarudia, machozi yanamtoka. Bi Tatu alimgeuza mke mwenzake. Mwenzake alipouliza sababu, akaambiwa, "Ndivyo tulivyokuta." Ili aaminiwe, Bi Tatu akageuka naye. Jirani akawaona wawili wamegeuka, akaona haya kuuliza, akageuka. Binti wa jirani akamkuta mama yake amegeuka. Basi, ikawa mila.

Bi Mosi akakitazama kidole chake kisicho na kucha. "Kumbe kucha yangu imeliwa na wivu wa Bi Tatu."

Yule wa pili akajishika kichwa. "Na mimi nimeapa Wallahi! Yarabi nisamehe."

Mwanamvua akajifunika uso. Akajua sasa kwamba bibi yake alimgeuza mke mwenza, na pamoja naye akamgeuza mjukuu wake mwenyewe. Miaka yote mume alipita mlangoni, akaona mgongo tu.

Mkasi akainuka. Akaigeuza mbuzi ikauelekea mlango. "Kaa, Bi Mkubwa. Leo nazi yako."

Akakaa. Mwanga ukampiga usoni mpaka akafumba macho. Akakuna. Bwana Vuai akamtazama, akasahau alikokuwa anakwenda.

"Kumbe ukikuna nazi unauma ulimi, Mwanamvua? Kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeandika!"

Mwanamvua akacheka. Bwana Vuai akaegemea mlango, hakuondoka mpaka nazi ikaisha.

Mnadhani Mwangoni waligeuka wote? Siku ile, ndiyo. Lakini wapo waliokuwa shambani. Hawakusikia neno, waliporudi waliona kioo tu. Wakaenda sokoni, wakanunua vioo. Leo ukipita Mwangoni utakuta jikoni kioo kimetundikwa ukutani, na binti anakuna nazi akijitazama. Muulize, "Kioo cha nini, mwanangu?"

Naye atakujibu…

Haya, mjibieni!

Ndivyo tulivyokuta!

Hadithi nimeikuna, tui nimelikamua, mmekunywa. Chicha nawaachia kuku wa Mwanamvua.