Alizeti Aliyekunywa Sumu ya Uwanjani

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni basi. Kheri, mwachie Zawena nafasi. Hapo zamani, si za kale sana maana betri za gari zilikuwepo, fundi mmoja alipasua betri na kumwaga oili chafu uwanjani kwake, kisha akahama. Nyuma wakabaki Kuku aitwaye Kishungi, mumewe Jogoo, na vifaranga wanne. Vifaranga wakachakura, wakala. Wawili wakalegea, wakafa. Kishungi akawatia wawili waliobaki ndani ya tenga. "Hamtoki mpaka ardhi ipone."

"Niachie mimi," akasema Jogoo. Akatandaza mchanga mweupe, akawika kwamba uwanja ni safi.

"Wanangu wachakure?" akauliza Kishungi.

"Wachakure."

Kishungi akachakura kwanza yeye, mara moja tu. Weusi ukatokeza.

"Mume wangu, hujasafisha. Umetandika shuka."

— Jogoo muongo, shangazi.

— Si muongo, Zawena. Anapenda kuwika tu. Tunao wengi.

Kishungi akaenda kwa Uyoga, kwenye gogo lililooza. Uyoga akapitisha nyuzi zake chini ya udongo, akatema mate, akaimeng'enya ile oili kidogo kidogo.

— Uyoga una mate?

— Kama wewe, Kheri. Tafuna ugali taratibu, usimeze, utaona unakuwa mtamu. Hiyo ni kazi ya vimeng'enya vilivyo mateni. Vya Uyoga huyu viliiweza hata oili.

Masika yakapita, oili ikaisha.

"Wanangu wachakure?"

"Bado, mama. Oili huvunjikavunjika. Madini ya risasi ya kwenye betri hayavunjiki. Hayo yanataka wa kuyabeba."

Kishungi akaenda kwa Alizeti. "Dada, nimebakiwa na watoto wawili."

Alizeti hakuuliza zaidi. Akaota uwanjani, akanywa risasi kwa mizizi yake, akarefuka, akachanua, akajaa mbegu. Jogoo kuona mbegu, akaalika mtaa mzima karamuni. Vifaranga ndani ya tenga wakalia, "Mama, tunazitaka."

Kishungi akasimama mbele ya Alizeti. "Hakuna atakayekula hapa."

"Unawanyima wanao?" akauliza Jogoo.

Alizeti akainama. "Hawanyimi, shemeji. Sumu haikutoweka, imehamia kwangu. Ning'oeni na mizizi yangu, mkanizike mbali. Kisha mpande wadogo zangu."

Kishungi akalia, maana alishampenda. Akamng'oa. Jogoo akamburura hadi kwenye shimo la saruji huko mbali, wakalifunika kwa bati. Wakapanda wa pili, wakamzika. Wakapanda wa tatu. Vifaranga wakawa mitetea, tenga likawabana.

"Wanangu wachakure?"

Alizeti wa tatu akaonja udongo kwa mizizi yake yote. "Sikuti kitu tena. Wachakure."

Wakachakura, wakala minyoo. Kishungi hakulala. Asubuhi mitetea wakaamka na kugombania panzi mmoja, na Kishungi akawaacha wagombane weee.

Basi, wanangu, mtu akiwaambia amesafisha, muulizeni uchafu ameupeleka wapi. Na mkimkuta aliyeubeba kwa ajili yenu, msimle. Mpendeni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nendeni mkanawe mikono.