Simbi za Bwana Shaweji

Katika kisiwa cha Mbweji watu walinunua sokoni kwa makombe ya simbi. Riale za fedha zilikaa hazina kwa Bi Rukaya, zikingoja kununulia mchele meli ikifika. Ila desturi ilikuwa kwamba yeyote mwenye simbi mia hupewa riale moja.

Tajiri Shaweji akaona mwanya. Alikopa simbi zote za mji hadi Ijumaa, akazisukuma kwa mikokoteni hadi hazina. Angezikomba riale zote, meli ikija Bi Rukaya angelazimika kuzinunua tena kwake kwa bei ya kuumiza.

"Nataka riale zote, Bi Rukaya."

"Zote? Karibu, Bwana. Nikufungie kwenye magunia?"

"Huogopi njaa?"

"Mchele haujafika, njaa ya nini? Mwaga simbi pale, taratibu zisivunjike."

Shaweji alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa wadai wake walijaa uani. Akawapa riale.

"Riale hainunui mchicha," walisema. "Tulikukopesha simbi. Zilete, au tuchukue nyumba."

Alizitafuta mji mzima, asipate hata moja. Akakimbilia hazina.

"Niuzie simbi mia kwa riale moja, Bi Rukaya."

"Desturi imepanga bei ya riale, Bwana. Simbi haikuzitaja. Leo mia ni riale mbili."

"Lakini riale ulizonipa hazitatosha!"

"Najua, nilizifunga mwenyewe. Zinazopungua zitoe kwenye sanduku la akiba yako, lililo chini ya kitanda chako."

Mwaka huo Mbweji walikula wali hata siku zisizo za sikukuu.