Mahali pa Bibi Dorkasi

Paukwa!

Pakawa!

Mpo?

Tupo!

Na waliolala?

Waamshwe!

Haya, sogeeni, acheni kusukumana. Zamani, zamani hasa, kabla bibi yenu hajaota jino lake la kwanza, palikuwa na kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Neno la Mungu lilikuwa limeshafika huko. Watu walijenga kanisa la udongo, wakaliezeka kwa nyasi. Kando ya kanisa wakatenga makaburi, wakayazungushia ua wa miti. Aliyebatizwa akifa, alizikwa ndani ya ua. Ngoma ililia, watu waliimba, jina lake lilitajwa.

Na asiyebatizwa? Ah! Huyo alipelekwa bondeni, kwenye matete. Hakuimbiwa. Hakutajwa. Na wengi waliolala kule bondeni, wanangu, walikuwa vitoto vichanga. Kwa maana mchungaji alikaa mbali, alikuja kijijini mara chache, na watu wale waliamini kuwa maji ya ubatizo ni ya mkono wake peke yake. Mtoto akizaliwa, akafa kabla mchungaji hajaja, basi. Bondeni. Mama yake akaambiwa, "Nyamaza. Huyo alikuwa hajawa mtu."

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke, jina lake Nyanzobe, mke wa Lushinge mfuga mbuzi. Walikaa bila mtoto. Wakasubiri, wakasubiri, wakasubiri, mpaka watu wakachoka kuwauliza. Kisha Nyanzobe akapata mimba. Mimba ikakua. Siku ikafika, na Bibi Dorkasi akaitwa.

Sasa huyo Bibi Dorkasi ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa mkunga, mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Karibu kila mtu wa kijiji kile alipita katika mikono ile. Hata wazee wa kanisa, waliokaa mbele wakikunja nyuso, yeye aliwajua walivyolia walipozaliwa. Mtoto akitoka, Bibi alimwosha kwa maji ya vuguvugu huku akimwimbia:

*Tulia, mgeni, tulia,*
*mwenyeji wako akujua.*
*Umetoka mbali, tulia,*
*mwenyeji wako akujua.*

Basi mtoto wa Nyanzobe akatoka, wa kiume. Ng'aa! Ng'aa! Akalia vizuri. Akaoshwa, akaimbiwa. Nyanzobe akamwita Sayi. Lushinge akachinja beberu, akatuma watu wakamwite mchungaji.

Lakini mvua ikanyesha. Chwaaa! Chwaaa! Mto ukajaa, ukala kingo, ukabeba daraja la magogo. Mchungaji akafika ukingo wa pili, akayatazama maji, akarudi alikotoka. Na mtoto akashikwa na homa. Nyanzobe akamkumbatia, akamkanda, akamwita jina lake. Sayi! Mtoto akafungua macho. Sayi! Akafungua macho kidogo. Asubuhi moja akamwita, Sayi! Hakufungua.

Nyanzobe hakulia. Alilikumbuka lile neno, nyamaza. Alikaa mlangoni, mtoto amempakata. Majirani wakaja, wakasema, "Mtoe, apelekwe bondeni." Akakataa. Mama mkwe wake akaja, akasema, "Mwanangu, ndivyo tulivyofanya sote." Akakataa. Lushinge mwenyewe akachuchumaa mbele yake, akanyoosha mikono. "Mke wangu, nipe." Akakataa.

Ndipo akaja Bibi Dorkasi. Hakusema nipe. Aliketi chini kando yake, akanyoosha miguu yake mifupi, akakaa hivyo hivyo. Baadaye akasema, "Maji yamepata moto. Tumwoshe, mimi na wewe."

Nyanzobe akainuka. Wakamwosha mtoto, masikio, shingo, vidole vya miguu. Na Bibi akaanza kuimba taratibu: *Tulia, mgeni, tulia, mwenyeji wako akujua.*

Nyanzobe akashtuka. "Bibi! Huo si wimbo wa anayekuja?"

"Naye anakuja," akasema Bibi. "Sisi tuko upande huu, ndiyo maana tunaona anakwenda."

"Anakuja kwa nani? Wanasema hajawa mtu. Wanasema Mungu hamjui."

Bibi Dorkasi akamfuta mtoto maji. Akamvisha mtoto kitambaa cheupe, akamweka mikononi mwa mama yake. "Mbebe. Tunakwenda kanisani."

Wakaenda, Nyanzobe mbele, Bibi nyuma na jembe begani, Lushinge akiwafuata kichwa chini. Watu walipowaona wakaacha walichokuwa wakifanya. Hata waliokuwa wakitwanga wakashusha michi.

Mlangoni mwa ua alikuwa amesimama Mzee Nehemia, mkuu wa wazee wa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mnyoofu. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamdhania hivyo. Aliogopa tu kumkosea Mungu.

"Bibi Dorkasi," akasema, "unajua sheria."

"Naijua."

"Mtoto huyu hakubatizwa."

"Kwa nini hakubatizwa?"

"Mchungaji hakufika."

"Kwa nini hakufika?"

"Mto ulijaa, Bibi. Wewe mwenyewe uliuona."

"Niliuona. Ulimzuia mchungaji," akasema Bibi. "Niambie, Nehemia, mto ule ulimzuia na Mungu?"

Mzee Nehemia akaweka mkono kwenye mlango wa ua. Watu walikuwa wamekusanyika.

"Sina ruhusa ya kumpa mahali," akasema. "Kila mahali humu ndani pana mwenyewe."

"Hata mimi nina mahali pangu. Wewe ndiye uliyenionyesha siku tulipomzika mume wangu. Uliniambia, hapa kando yake ni pako, hakuna atakayekunyang'anya. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi nampa huyu."

"Na wewe utazikwa wapi?"

"Popote. Siku Bwana atakapotuita, hataita mahali. Ataita jina."

Mzee Nehemia akatazama chini. Kisha akasogea kando, akampisha. Hakuamuru ngoma ipigwe, lakini alisogea.

Bibi akaingia, akashika jembe. Ngwa! Ngwa! Lushinge akampokea jembe, akachimba yeye. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Kaburi likawa tayari, dogo, kando ya kaburi la mume wa Bibi. Nyanzobe akamlaza mwanawe. Udongo ulipomfunika, mama akafungua kinywa, akalia. Alilia kwa sauti yake yote, mbele ya kijiji kizima, wala hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Alipopata pumzi akauliza, "Bibi, nitamwona?"

"Utamwona."

"Unajuaje?"

"Bwana Yesu alilala kaburini kama huyu. Akatoka. Alipotoka hakufunga mlango nyuma yake."

"Na mtoto, je? Atanijua? Alikaa na mimi siku chache tu."

Bibi Dorkasi akamshika mkono. "Kabla hajasikia kitu kingine chochote duniani, aliusikia moyo wako. Atakujua."

Wanangu, miaka ikapita. Nyanzobe akamwandama Bibi nyumba kwa nyumba, akajifunza kazi ya ukunga. Alijifunza kupokea mtoto, kukata kitovu, kumwimbia mgeni. Bibi akazeeka. Ile mikono mikubwa ikaanza kutetemeka. Siku moja akalala, hakuweza kuinuka, akamwita Nyanzobe.

"Bibi, unaogopa?"

"Kidogo," akasema Bibi. Maana hakuwa mtu wa kusema uongo. "Sijawahi kufa. Lakini huko ninakokwenda yupo anayenijua, na watoto niliowaosha ni wengi. Sikiliza. Nizikeni bondeni."

"Bondeni? Kwenye matete?"

"Wale wachanga niliwapeleka kule kimya kimya, mmoja mmoja, kabla sijapata ujasiri wa kusema. Nataka niamke nao. Niahidi."

Nyanzobe akaahidi. Bibi akafumba macho, akatoka polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo.

Habari zikaenea. Wazee wa kanisa wakasema, "Haiwezekani! Mama yetu huyu azikwe ndani, karibu kabisa na kanisa." Nyanzobe akasimama mbele yao. Yule aliyenyamazishwa zamani, sasa alisema.

"Aliniambia bondeni. Nilimwahidi."

Mzee Nehemia, naye sasa ameinama na fimbo mkononi, akasogea mbele. Akasema, "Basi tutamfuata."

Ngoma ikalia. Du! Du! Du! Na kwa mara ya kwanza ngoma ile ikateremka bondeni. Watu wakateremka nayo, wakiimba, wakisukuma matete kwa mikono. Wakachimba kaburi, wakamlaza Bibi Dorkasi. Mzee Nehemia akaomba, akataja jina lake mara ya mwisho. Watu wakageuka ili waondoke.

"Ngojeni," Nyanzobe akasema. "Bibi hayuko peke yake hapa. Mwenye mtoto hapa, amtaje."

Matete tu, shwaa, shwaa.

Kisha mama mkwe wake, kikongwe sasa, akajikongoja mbele. "Wangu aliitwa Masele," akasema. Huyo Masele, hata Lushinge mwanawe hakuwahi kumsikia.

Mwanamke mwingine akasema, "Wangu alikuwa wa kike. Minza."

Mwingine akasema, "Mhoja."

Mwingine akasema, "Sikupata muda wa kumpa jina. Leo namwita Dorkasi."

Wakasema, wakasema. Wanaume waliwatazama wake zao kama watu wasiowajua. Na mwisho kabisa akasogea Holo, mke wa Mzee Nehemia, mama mpole asiyezoea kusema mbele ya watu.

"Na wangu yupo hapa," akasema.

Mzee Nehemia akageuka. "Yule? Wa kwanza kabisa? Mke wangu, ulimpa jina?"

"Nilimpa."

"Ulimwita nani?"

"Nilimwita Nehemia."

Fimbo ikamponyoka mzee. Akapiga magoti palepale kwenye matope, na mkewe akapiga magoti kando yake. Walilia pamoja, kilio walichokuwa wamekificha tangu ujana wao. Kisha mzee akainua uso, akaanza kuomba upya, na katika sala ile akawataja wote, Masele, Minza, Mhoja, Dorkasi mdogo, na Nehemia mwanawe. Hakumsahau hata mmoja.

Tangu siku hiyo, kijijini kwao, hakuna aliyezikwa bila kutajwa jina. Na Nyanzobe, kila alipompokea mtoto, alimwambia mama yake, "Mpe jina leo hii."

Haya, wanangu. Hadithi hii inatufunza kwamba kifo hakimtoi mtu mkononi mwa Mungu, awe mkubwa, awe wa siku moja, na anayeamini hivyo hawezi kumzika mwenzake kama kitu cha kutupwa. Nami niliyeibeba hadithi, hapa naitua. Anayeitaka aibebe.