Komba na Juisi ya Leo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mtungi. Ndani ya mtungi mna nini?

Mna hadithi!

Basi leteni kata zenu niwamiminie. Wewe Makame, sogea, umekalia kuni za watu. Hadithi, hadithi?

Hadithi njoo!

Njoo tamu, uchungu ubaki kwenye kokwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na soko lao na jumbe wao, alikuwepo Komba mmoja mjane. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki mkubwa wa minazi inayogemwa. Kila jioni alipanda, akazamisha kichwa kwenye kibuyu cha tembo la mnazi, akanywa, akaimba, akashuka. Jioni moja alipanda, akanywa, akaimba, lakini hakushuka. Alianguka.

Bi Komba akamzika, akalia, akafuta machozi, akaapa: "Kinywaji chenye kulevya hakitapita kwenye koo langu maisha." Na hakikupita.

Nyuma ya nyumba yake ulitambaa mbungo mkubwa wenye mabungo ya manjano, yale ambayo ukiyapasua tu mate yanakujaa mdomoni. Bi Komba akajifunza kuyatengeneza juisi. Alfajiri aliyapasua, akayatia maji, akazisugua kokwa kwa vidole, polepole, mpaka nyama ikaachia. Kisha akachuja kwa kifumbu, akachuja tena, akatia utamu kwa maji ya muwa. Akajitwika kibuyu hadi sokoni, akakaa ukingoni, akaimba:

"Ya leo, ya leo!
Haikulala, haikuchacha!
Kata moja, kiu kwisha!"

Akaja Ngiri, ulimi nje kwa joto. "Unauza nini, Bi Komba?"

"Juisi ya mabungo, kaka yangu. Karibu uonje."

"Juisi ya komba? Hata! Nikinywa hiyo nitarudi nyumbani kwa magoti."

Akaja Twiga. "Juisi ya komba? Hata! Nikilewa mimi, nani ataweza kunishika shingo?"

Akaja Kifaru. "Juisi ya komba? Hata! Mke wangu ana pua kali."

Wakapita, wakacheka. Si mnajua watu wanavyosema? Mtu akiyumba kidogo tu njiani, "Amelewa kama komba." Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hawakukaa soko lile. Chema cha Bi Komba kilikaa mchana kutwa kikitazama nzi.

Jioni aliibeba juisi yake, akaimwaga yote kwenye shina la mbungo. Jirani akamuuliza, "Kwa nini usiiuze kesho?" Akajibu, "Iliyolala si juisi." Akaingia ndani, akawapa wanawe mabungo mabichi, akawadanganya kuwa yeye ameshiba.

Basi bwana, ikaja habari ya harusi. Jumbe Nyati anamwoza binti yake kwa nyati wa ng'ambo ya mto. Na wale wa ng'ambo ni watu wa heshima zao! Kileo kwao haramu, hata jina lake wakilitaja hutema mate chini. Jumbe akatangaza: "Nataka mtu wa kutengeneza juisi ya harusi. Atakayefanya kazi hiyo nitampa kivuli cha katikati ya soko, karibu na kisima, akae hapo auze mpaka azeeke."

Bi Komba akajifunga kanga, akaenda. "Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba."

"Nipe mimi kazi hiyo. Naijua."

Baraza zima likacheka. Jumbe hakucheka. "Samaki mmoja akioza wote wameoza, na mumeo alioza zamani. Wakwe zangu wakisikia kinywaji kimetoka kwa komba, watarudi kwao na bwana harusi wao. Tena sikiliza. Siku ya harusi usivuke ua wangu. Na harusi ikiisha, sokoni usionekane tena. Unanitia aibu."

Bi Komba akaondoka akiwaza. Soko lile, hata kama hauzi kitu, ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo. Likifungwa hilo, wanawe watakula nini?

Fisi akaruka katikati. "Niachie mimi, Jumbe! Mimi na mabungo tumenyonya ziwa moja!" Uongo mtupu. Fisi alikuwa hajui bungo linaota juu au chini ya ardhi. Lakini sauti anayo, na penye watu wengi mwenye sauti hupata.

Akapata. Akatoka hapo mbio hadi kwa Bi Komba.

"Hodi, dada yangu!"

"Karibu, kaka Fisi."

"Hebu nielekeze. Juisi inatengenezwaje?"

Sasa nyie, mngemwelekeza? Mimi ningemwambia atie pilipili. Lakini Bi Komba si mimi. Alimfikiria bibi harusi, mtoto wa watu, hana kosa. Akasema, "La kwanza, kokwa sugua, usitwange. Ukitwanga zinatoa uchungu. La pili, chuja mpaka isikwaruze koo. La tatu ndilo kubwa: kamua asubuhi ya siku ya kunywa. Iliyolala si juisi."

"Nimesikia, nimesikia, nimesikia," akasema Fisi, na hakusikia hata moja.

Alifika nyumbani akaanza kusugua. Vidole vikamuuma. "Aa, kinu kipo cha nini?" Akatia mabungo kwenye kinu, akatwanga twa! twa! twa! Akaonja. Chungu kama shubiri! Akatia asali. Bado chungu. Akatia asali mizinga mizima, mpaka nyuki wa nchi ile wakafanya kikao.

Akaanza kuchuja. Mkono ukachoka. "Aa, wageni wana meno ya nini?" Akaacha na machicha yake.

Kisha akawaza. "Asubuhi ya harusi mimi nikamue juisi, na nyama agawe nani?" Akaitengeneza yote siku hiyo hiyo, na harusi bado iko mbali. Akajaza mitungi, akafunika vifuniko, akaipanga juani mbele ya mlango apate kuiona akiwa amelala.

Alipoamka, vifuniko vinacheza. Akafunua. Povu! Jeupe, linapanda, linamwagika kando. Fisi akashika kichwa. "Inazaa! Juisi yangu inazaa!" Akaleta mitungi mingine, akagawanya, akaongeza maji, akaongeza asali, akaizunguka akiimba:

"Povu, povu, panda juu!
Mtungi mmoja uwe miwili!
Kivuli cha soko ni changu!"

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zinalia, vigelegele vinakwenda, pilau linanukia. Bi Komba alikaa nje ya ua, barabarani, na kapu la mabungo aliyoyachuma asubuhi, akitumaini wapita njia watamuungisha kwa mara ya mwisho. Mara mitungi ya Fisi ikapitishwa mbele yake.

Upepo ukamletea harufu. Bi Komba akasimama. Harufu ile alikuwa anaijua. Ilikuwa ikiingia kwake kila usiku na mumewe, mpaka usiku ule ilipoingia na wachukuzi wa maiti.

Akamkimbilia Ngiri, aliyekuwa analinda mlango. "Kaka Ngiri, kamwambie Jumbe ile si juisi!"

"Wivu huo, Bi Komba."

Akamwita Twiga, kichwa chake kiko juu ya ua. "Dada Twiga, kamwambie Jumbe ile si juisi!"

"Ulinyimwa kazi, sasa unaitia dosari."

Akamwita Kifaru. "Mzee Kifaru, kamwambie Jumbe ile si juisi!"

Kifaru alikuwa na kata mdomoni tayari. "Ni nzuri," akasema. "Inanitekenya masikio."

Ehe! Mambo yakaanza. Bibi yake bwana harusi, nyati kizee aliyekuwa hajatabasamu tangu meno yamtoke, alionja kata ya kwanza. "Inakwaruza kidogo, lakini inateremka na baraka." Kata ya pili, akavua viatu. Kata ya tatu, akaingia ngomani, na wapigaji ndio waliochoka.

Kifaru aligongana na kichuguu, akakipigia magoti. "Niwie radhi, shemeji, sikukuona." Twiga akawa analia, anauliza nani amekiweka kichwa chake huku juu, kiteremshwe. Ngiri alilala mlangoni, na ulinzi ukalala naye. Fisi alikunywa mtungi mzima kuonyesha juisi yake haina ubaya, akaanza kucheka. Akacheka, akacheka, akacheka.

Akasimama Korongo, mfungishaji ndoa, mguu mmoja kama kawaida yake, ila sasa hata huo ulikuwa haumtoshi. "Binti Nyati, umekubali kuolewa na Kifaru?"

Kifaru akaangua kilio. "Jamani, mimi nina mke!"

Bibi harusi alikuwa ndani. Mila yao ilisema bibi harusi asionje kitu mpaka ndoa ifungwe, kwa hiyo alikuwa na njaa, lakini akili zake alikuwa nazo. Akachungulia. Bwana harusi amelalia sinia la pilau. Baba yake amekumbatia ngoma kubwa, anaiita mama. Mtoto wa watu machozi yakamtoka. Kisha, kule nje ya ua, akamwona mtu mmoja tu aliyesimama wima.

"Mama Komba! Ingia!"

"Mwanangu, baba yako kanikataza kuvuka ua."

"Baba hajui hata ua uko wapi! Vuka!"

Bi Komba akaruka. Alimwaga mitungi ya Fisi, mmoja baada ya mmoja, na moyo wake ukapoa kila mmoja ulipomwagika. Akawalaza wageni kivulini, akawapoza vichwa kwa majani mabichi. Kisha akashusha kapu lake, akapasua mabungo, akaanza kusugua. Bibi harusi akapandisha mikono ya gauni, akachovya vidole vyenye hina bichi, akasugua naye. Wakachuja, wakachuja tena, na wakati wote wanaimba:

"Ya leo, ya leo!
Haikulala, haikuchacha!"

Jua lilipoanza kuinama, wageni wakaamka. Vichwa vinatwanga kama kinu cha Fisi. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Bibi Nyati, yule kizee, akasema kwa sauti ya kukwama, "Kiu."

Akapewa kata. Akanywa. Akanywa tena, akaimaliza.

"Nani kakamua hii?"

"Mimi, bibi," akasema Bi Komba. "Komba."

Bibi Nyati akainusa kata.

"Ya lini?"

"Ya leo."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile ilikuwa imelala, bibi."

Bibi Nyati akamgeukia Jumbe. "Sisi hatujaonja kileo tangu mababu, na wewe umetulevya kwenye harusi ya mjukuu wangu. Ningemchukua nikaondoka naye sasa hivi." Jumbe akainamisha pembe mpaka zikagusa vumbi. "Lakini kijiji kizima nimemkuta mmoja tu mwenye akili zake, na ni komba! Nikienda kusimulia hayo kwetu, nani ataniamini?" Akatabasamu, ufizi mtupu. "Niongezee kata. Na yule Korongo mshikeni pande mbili afungishe ndoa vizuri."

Ndoa ikafungwa, safari hii kwa bwana harusi mwenyewe.

Jumbe akamwendea Bi Komba mbele ya watu wote. "Nimekukosea. Ulituonya tukakucheka. Kivuli cha soko ni chako. Na uombe lolote jingine, nitakupa."

"Kivuli napokea, wanangu wale," akasema Bi Komba. "Lakini naomba na jina langu. Mtu akilewa, msiseme amelewa kama komba. Mume wangu alikunywa na amekwisha kuzikwa. Mbona mimi na wanangu mnatuzika kila siku?"

Jumbe akakosa pa kutazama. "Haki yako. Sasa tuseme nini?"

Ngiri akadakia, "Tuseme amelewa kama mgeni wa Jumbe!"

Jumbe akakohoa sana. "Tuseme... kama Fisi."

Ikawa hivyo. Na Fisi mpaka leo hajamaliza kucheka. Mkimsikia usiku msidhani ana furaha, ni ule mtungi bado haujamtoka.

Bi Komba alikaa kivulini akauza mpaka akazeeka, na kila mnunuzi aliyefika, kabla hajaomba kata, aliuliza kwanza, "Ya leo?" Nanyi mkienda kununua juisi ulizeni hivyo hivyo. Na mkimwona mtu mgeni kwenu, msimpime kwa kibuyu cha marehemu. Onjeni chake.

Kuna aibu moja imebaki. Harusi ile sisi binadamu hatukualikwa, amri ya Jumbe haikutufikia, ndiyo maana bado tunasema "amelewa kama komba." Basi mimi leo nimeifikisha. Makame, wewe ndiye mwenye mazoea, usinitazame hivyo.

Mtungi wangu umekauka. Kama imekolea, gawaneni mwende nayo kwenu. Kama imechacha, mwageni mlangoni kwangu, lakini Fisi asiione.